Vipapatio vya Nagoya kwa asali ya Tabora: kwa nini kuku akipakwa sosi hulegea, na namna ya kumfanya abaki mkavu

Ukikaanga kuku vizuri, ngozi inatoka kwenye mafuta ikiwa kavu, ya rangi ya dhahabu, inavunjika jinoni. Ukiimwagia sosi, kabla hujamaliza kuwanawisha wageni mikono, ngozi imeshalegea na inavutika. Ndiyo maana mezani kwetu kuku amegawanyika: yupo mkavu, anayeliwa na ndimu na pilipili pembeni, na yupo wa rosti, ambaye hakuna anayemdai ukavu. Wajapani wa mji wa Nagoya wana vipapatio ambavyo haviko upande wowote kati ya hizo mbili. Vinang'aa kwa sosi tamu yenye chumvi, na ukiuma bado unasikia mlio. Vinaitwa tebasaki. Karibu kila kinachohitajika kuvipika kinapatikana Tabora, na vile vichache visivyopatikana vina mbadala mzuri.

Viungo si tatizo. Mapishi yanayozunguka kwenye simu yanakupa viungo na dakika, lakini hayakwambii kwa nini hatua hii inatangulia ile. Mtu akibadilisha kitu kimoja, na huku kwetu lazima ubadilishe, chakula kinaharibika na hajui arekebishe wapi. Kwa hiyo tuanze na sababu. Sababu yenyewe ni maji. Tangu kipapatio kinapotoka kwa muuza kuku mpaka kinapofika kwenye sahani, kazi yako ni kuyatoa maji yaliyomo kwenye ngozi, kisha kuyazuia yasirudi. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Chakula hiki si cha kale. Mwaka 1963 Otsubo Kenko alianzisha mgahawa wa Furaibo huko Nagoya, akiuza nusu kuku wa kukaanga aliyepakwa sosi. Inasimuliwa kwamba siku moja kuku aliowaagiza walikosekana, akaona kwa muuzaji lundo la vipapatio ambavyo wakati huo vilihesabiwa kuwa vya kuchemshia supu tu. Akavichukua kwa bei ndogo, akavikaanga, akavipaka sosi ileile. Mwaka 1981 Yamamoto Shigeo akaanzisha biashara iliyokuja kujulikana kama Sekai no Yamachan, na vipapatio vyake vina pilipili manga nyingi zaidi. Hizo ndizo ladha mbili zinazotajwa sana mjini humo: moja tamu yenye ufuta juu, nyingine kali ya pilipili manga. Zote mbili hazivikwi unga mzito, na zote mbili sosi hupakwa mwishoni.

Kwa nini kipapatio hasa? Kwa sababu kina ngozi nyingi na nyama kidogo. Watu wa Nagoya hutumia sehemu ya katikati yenye mifupa miwili pamoja na ncha yake, na kile kipande kinene cha karibu na bega hukiweka kando kwa pishi jingine. Katika sehemu hiyo ya katikati ngozi imeizunguka nyama pande zote, na ngozi ya kuku ni maji, mafuta na zile nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni. Nyuzi hizo zikipata joto la nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, taratibu huyeyuka na kuwa ute, ule unaonata midomoni ukinywa supu ya miguu ya kuku. Ute huo ukikaushwa kwenye mafuta hugeuka gamba jembamba linalovunjika. Hapo ndipo ukavu wa kweli wa kuku unapotoka. Unga ni msaidizi tu.

Sasa, ngozi haiwezi kukauka kwa haraka. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maana yake ni kwamba mafuta yako yanaweza kuwa na nyuzi 170, lakini ngozi yenye maji bado inabaki kwenye 96, kwa sababu joto lote linaliwa na kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Na ile rangi ya hudhurungi yenye harufu ya nyama ya kukaangwa, ambayo Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kemia yake mwaka 1912, huanza kwa nguvu kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo mpaka maji ya juu yaishe, hakuna rangi wala ukavu. Mpishi anayetia vipapatio vyenye maji kwenye mafuta makali anapata rangi nje upesi, anadhani vimeiva, anavitoa. Chini ya gamba lile bado kuna maji na shahamu. Dakika tano baadaye mvuke unatoka ndani, unalilainisha gamba kutoka chini. Utailaumu sosi, kumbe ngozi ilikuwa imeshaanza kulegea kabla hujaipaka kitu.

Dawa yake ni kukaanga mara mbili, na watu wetu wanaijua kazi hiyo miaka mingi. Simama kwenye kibanda chochote cha chipsi hapa mjini jioni. Viazi vimeshakaangwa mara ya kwanza, vimepoa, viko kwenye beseni au kabati la vioo vikiwa vyeupe. Mteja akifika ndipo vinarudi kwenye mafuta makali. Nilimuuliza kijana mmoja wa Isevya anayekaanga chipsi kwa nini asimalize mara moja. "Mama, ukimaliza mara moja zinalala," akanijibu huku akichochea mkaa. "Lazima zipumzike zitoe jasho, ndiyo uzirudishe." Hakuna maelezo mazuri kuliko hayo. Mkaango wa kwanza unapika ndani na kuyasukuma maji nje. Mapumziko yanayaruhusu maji yaliyobaki katikati yasogee kwenye ngozi. Mkaango wa pili, wa joto kali na muda mfupi, unayafukuza hayo ya mwisho.

Kabla ya karai kuna kukausha. Chukua kilo 1 ya vipapatio vya kuku wa kisasa, kama 10 hivi vikiwa vizima, ukate kwenye kiungo na kuondoa kile kipande cha begani. Kama vilikuwa kwenye friza, viyeyuke kabisa kwanza; barafu iliyojificha kwenye kiungo ni maji, na ikikutana na mafuta ya moto italipuka. Kama nyumbani kwenu kuku lazima aoshwe kwa ndimu, mwoshe, lakini umfute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka kitambaa kisilowe tena. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, si zaidi, kwa kuwa sosi ina chumvi yake. Vipange kwenye sahani bila kuvifunika, uviweke kwenye friji saa kadhaa au usiku kucha. Friji hukausha. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, hewa ya Tabora yenyewe ni kavu kiasi kwamba kanga ya mvua inakauka kabla hujaimaliza kuianika, lakini usishawishike kuanika kuku mbichi nje. Joto na nzi watakuharibia tumbo. Asiye na friji afute mara mbili, aache robo saa kati ya mara moja na nyingine, kisha aingie jikoni moja kwa moja.

Unga unaofaa ni wanga mtupu. Unga wa ngano una protini zinazovutika, huweka koti nene, na koti nene hushika maji. Wajapani hutumia wanga wa viazi. Dukani hapa utapata wanga wa mahindi, ule wa kopo au pakiti unaotumika kwa kastadi, na unatosha. Ila kuna kitu kilicho bora zaidi kipo mashambani kwetu, na nasikitika kwamba tumekisahau: wanga wa muhogo. Sizungumzii unga wa makopa wa ugali, ambao una nyuzinyuzi na harufu yake. Chukua muhogo mtamu mbichi, umenye, uukune kwenye mbuzi ndogo ya karoti, uchanganye na maji, ukamue kwa kitambaa. Maji meupe yanayotoka yaache kwenye bakuli kwa saa mbili au tatu bila kuyagusa. Maji yatapanda juu yakiwa na rangi ya manjano kwa mbali, na chini patabaki tabaka jeupe, gumu, ambalo ukilibonyeza kwa kidole linakataa, ukituliza kidole linakikaribisha. Mwaga maji ya juu, weka mengine safi, koroga, acha litulie tena, mwaga, kisha anika tabaka hilo juani na ulichekeche. Huo ndio wanga. Usitumie muhogo mchungu. Sumu yake haina haja ya kujaribiwa jikoni.

Changanya nusu wanga wa muhogo na nusu wa mahindi. Wa muhogo hutoa gamba jembamba linalong'aa, ila peke yake likipoa huanza kuvutika kidogo. Wa mahindi hulifanya ligome zaidi. Vijiko 3 vya chakula vinatosha kilo nzima. Vipapatio vifunikwe kwa vumbi jepesi tu, vikung'utwe, na ngozi ionekane bado. Fanya hivyo dakika chache kabla ya kukaanga, maana wanga ukikaa muda mrefu juu ya ngozi unanyonya unyevu na kuwa gundi.

Mafuta yawe ya alizeti. Najua jirani zetu wa Kigoma watauliza kuhusu mawese, na mimi ni mpenzi wa mawese kwenye maharage na kwenye dagaa, lakini hapa hapana. Rangi yake na harufu yake ni za kifalme, zitaifunika sosi, na utakuwa umepika chakula kingine kizuri ambacho si hiki.

Karai lisijae mafuta zaidi ya nusu. Kama huna kipimajoto, chovya mpini mkavu wa mwiko. Mapovu madogo yakipanda taratibu kuuzunguka mpini, umefika nyuzi 150 hadi 160 za mkaango wa kwanza. Tia vipapatio vichache, visigusane sana, kwa sababu kila kipande cha baridi kinashusha joto. Hapo usiangalie saa kwanza, sikiliza. Mwanzoni kuna kelele na mapovu makubwa: hayo ni maji yanatoka. Baada ya dakika 8 mpaka 10 kelele inapungua, mapovu yanakuwa madogo na machache. Vitoe vikiwa vyeupe-manjano, vipange kwenye wavu, visilundikane. Vipumzike dakika 10. Kwa jiko la mkaa huu ndio wakati wa kuongeza mkaa na kupepea, mpaka mpini wa mwiko ukichovywa unatoa mapovu mengi kwa nguvu mara moja, karibu nyuzi 180 au 190. Virudishe kwa dakika 2 au 3. Utasikia sauti tofauti: vipande vikigongana ndani ya karai vinalia vikavu. Rangi ya dhahabu iliyokolea ikifika, toa.

Kwa wenye ovena, njia ni nyingine: badala ya wanga tumia vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda kwa kilo, uchanganye na chumvi, uoke kwenye wavu kwa joto la nyuzi 220 kwa dakika 45 hivi, ukigeuza katikati. Hiyo pauda hupunguza uchachu wa ngozi na kusaidia rangi kuja mapema. Vinakuwa vizuri, ingawa ukavu wake ni mwepesi kuliko wa karai.

Tuje kwenye sosi, mahali ambapo Tabora ina neno la kusema.

Sosi ya Nagoya ni soya sosi, sukari, kitunguu saumu, tangawizi, sake na mirin. Hivyo viwili vya mwisho ni vileo vya mchele; mirin ni tamu na ina takriban asilimia 14 ya alkoholi. Katika nyumba nyingi za Tabora haviingii jikoni, na havihitajiki. Vinachangia utamu, mng'ao na uchachu kidogo, na hayo yote tunaweza kuyapata kwingine. Kwa kilo 1 weka kwenye sufuria ndogo vijiko 4 vya chakula vya soya sosi nyepesi, vijiko 4 vya maji, vijiko 3 vya sukari, kijiko 1 cha chai cha siki, punje 2 za kitunguu saumu zilizotwangwa na kipande cha tangawizi kilichokunwa. Chagua soya sosi nyepesi, si ile nyeusi nzito ya kutia rangi. Anayejali alkoholi asome lebo, maana soya sosi iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na kiasi kidogo. Chemsha kwa moto mdogo mpaka ibaki nusu. Maji ya sosi ndiyo adui aliyebaki, na unamtolea kwenye sufuria ili asipate nafasi ya kuingia kwenye ngozi. Ukichovya kijiko na kupitisha kidole mgongoni mwake, njia ya kidole ibaki wazi.

Sasa asali. Asali ya misitu ya miombo, ile inayotoka Sikonge, Urambo au Kaliua, ni nyeusi kidogo, nzito, yenye harufu inayobaki mdomoni. Anayeishi hapa akipika kitu cha kung'aa bila asali atakuwa amejinyima. Lakini asali si sukari iliyoyeyuka, na kuibadilisha kijiko kwa kijiko ndiko kunakowaharibia watu wengi. Sukari ya mezani ni molekuli mbili zilizoshikana. Haiungui mpaka joto lifike juu, karibu nyuzi 160. Asali kwa sehemu kubwa ni fruktosi na glukosi zilizokwisha kuachana. Fruktosi huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 110 hivi, na zote mbili hukimbilia kuungana na protini ya nyama. Ukiipaka asali kisha ukarudisha kuku kwenye moto, unapata weusi na uchungu kabla hujafumba jicho. Jambo la pili: asali ina maji yake, asilimia 17 au 18, na fruktosi huvuta unyevu hewani. Masika, kati ya Novemba na Aprili, kipapatio kilichopakwa asali tupu kinaanza kunata na kulegea kikiwa mezani.

Basi zigawane kazi. Sukari ndiyo inayokauka na kuwa gamba, kwa hiyo iwe nyingi na ichemke. Asali ni ya harufu na mng'ao: kijiko 1 na nusu cha chakula, itiwe baada ya sufuria kuepuliwa, ikorogwe, basi. Hata harufu yake inapona kwa njia hiyo, maana harufu nzuri ya asali hupotea ikichemshwa. Ionje kabla hujaitumia. Asali iliyorinwa kwa moshi mwingi hubeba moshi huo, na kwenye kipapatio chenye pilipili manga naupenda kuliko ninavyoupenda kwenye chai.

Kupaka kuna kanuni moja: moto juu ya moto, na kidogo. Sosi iwe bado ya moto ili iwe nyepesi na isambae kwa utando mwembamba. Kipapatio kiwe ndiyo kwanza kimetoka kwenye mafuta na kuchuruzika, ili maji machache yaliyobaki ndani ya sosi yapande hewani yakigusa ngozi. Nagoya hupaka kwa brashi. Usitumbukize vipapatio kwenye sufuria ya sosi. Kila kilichozidi utando mmoja kinatafuta njia ya kuingia. Kisha haraka, kabla haijashika, nyunyizia pilipili manga iliyosagwa muda huohuo na ufuta uliokaangwa bila mafuta. Wajapani wengi hutumia pilipili manga nyeupe, ambayo ni tunda lilelile lililoondolewa ganda; nyeusi inafaa, tumia nyingi kidogo kuliko unavyodhani inatosha.

Halafu usivifunike. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu mila yetu ya ukarimu inaelekea upande mwingine: chakula cha mgeni kinawekwa kwenye hotipoti kisipoe. Kwa wali ni sawa. Kwa vipapatio hivi hotipoti ni chumba cha mvuke, na dakika 10 zinatosha kufuta kazi ya siku nzima. Vipange kwenye sinia pana, tabaka moja, wageni wawe wameshanawa.

Namna ya kula nayo ina ufundi wake. Vunja kiungo na utenge ncha. Shika sehemu ya katikati kwa upande uliokuwa na ncha, ingiza yote mdomoni, bana kwa meno taratibu, vuta. Mifupa miwili inatoka mitupu. Watoto wanajifunza upesi kuliko sisi.

Kuhusu kuku wa kienyeji, najua swali linakuja, na heshima yake haipungui. Kuku aliyekomaa akirukaruka uwanjani ana kolajeni nyingi na ngumu; dakika 10 za karai hazimtoshi, atakuwa mkavu nje na mpira ndani. Ukitaka kumtumia, chemsha vipapatio vyake kwa maji ya tangawizi mpaka nyama ilegee, supu uinywe, kisha uvifute na kuvikausha kwa friji usiku kucha. Kesho yake wanga, na mkaango mmoja tu wa moto mkali. Ladha ya nyama inamshinda wa kisasa, lakini ngozi haifiki pale.

Na wageni wakichelewa, kama treni ya kutoka Dar es Salaam inavyoweza kukuchelewesha mtu wako, simamia kwenye mkaango wa kwanza. Vipapatio vilivyoiva ndani vinaweza kungoja saa moja au mbili kwenye wavu, na sosi kwenye sufuria yake. Ikiwa nzito sana, ipashe kwa kijiko kimoja cha maji. Ukisikia hodi, washa moto mkali. Vilivyokwisha kupakwa vikibaki, usivirudishe kwenye mafuta, vitaungua. Vipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo na uvile kama nyama ya kawaida, kwa wali au ugali.